Barua kwa Shangazi: "Huyu hajawahi kushika wavu"

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu filamu za manabii na za Yesu: mlizitazama wapi, mkiwa na nani, na sebuleni kulitokea nini. Nilitegemea barua tatu nne. Zimejaa kapu. Najibu tano leo. Ambaye ya kwake haimo asidhani nimeitupa, nazisoma zote na nyingine nimezisoma mara mbili.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mke wa mvuvi, nakaa Igombe, Mwanza. Siku ya Pasaka tuliweka filamu ya Yesu, ile ya zamani ya Kiswahili. Baba mkwe alikuwepo. Amevua miaka 40, ameacha kwa sababu ya mgongo. Ilipofika pale Petro anashusha wavu, mzee akasema kwa sauti, "Huyu hajawahi kushika wavu," akaanza kuonyesha mkono unavyotakiwa kukaa. Watoto wakacheka. Shemeji yangu, mzee wa kanisa, akamwambia baba aache kukosoa neno la Mungu. Mzee akanyamaza, akaenda kulala. Tangu siku hiyo tukiwasha televisheni anatoka nje. Alikosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Hakukosea popote, na shemeji yako anahitaji kuambiwa hivyo kwa upole.

Neno la Mungu limeandikwa kwenye kitabu. Mliyoitazama ni filamu iliyotoka mwaka 1979, ikapigwa Israeli, na anayeonekana kama Yesu ni mwigizaji wa Kiingereza, Brian Deacon. Imeingizwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, ndiyo maana hata sisi tumemsikia akisema Kiswahili. Ni kazi ya watu, na watu waliifanya kwa heshima, lakini anayevuta wavu mle ndani ni mtu aliyeajiriwa kuigiza. Baba mkwe wako alimkosoa mwigizaji kwa niaba ya Petro. Nani mwingine hapo sebuleni alikuwa na sifa za kumtetea Petro?

Filamu hiyo inafuata Injili ya Luka, basi nendeni Luka sura ya 5. Mathayo na Marko wanasema "bahari ya Galilaya", Luka anasema ziwa. Anawataja wavuvi waliokwisha kutoka kwenye vyombo vyao, wanaosha nyavu. Hapo msomaji wa mjini anapita mbio. Mzee wako angesimama, kwa sababu anajua kwamba anayeosha wavu amemaliza kazi. Usiku wote hawakupata kitu. Nyavu za siku zile zilikuwa za kitani, nyuzi nene ambazo mchana samaki anaziona na kuzikwepa, ndiyo maana walivua gizani. Watu wa dagaa hapa kwetu nao wanategemea giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Sasa anakuja mtu aliyekulia kwa seremala, asubuhi kweupe, anawaambia warudi kilindini na nyavu zilizokwisha kuoshwa. Petro anamjibu kwa adabu, lakini uchovu uko wazi kwenye maneno yake. Mimi nimeisoma sura hiyo tangu utoto na sikuuona uchovu huo mpaka nilipoolewa kwenye familia ya wavuvi.

Nakupa jambo la kumpelekea mzee. Mwaka 1986 maji ya Ziwa la Galilaya yalipungua kwa ukame, na ndugu wawili wakakuta kwenye tope mabaki ya mashua ya kale. Wataalamu waliipima wakasema ni ya karne ya kwanza, enzi za akina Petro. Ina urefu wa mita 8 na kidogo, upana mita 2.3. Mwambie mumeo achukue futi kamba, mzee asimamie, mkapime mtumbwi wenu pale mwaloni. Kisha mumuulize: samaki wakijaa chombo cha kiasi hicho mpaka kinataka kuzama, kama Luka anavyosema, mvuvi anafanya nini kwanza? Luka anasema waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili. Msikilizeni mzee anasemaje.

Na jambo jingine, maana nimelibeba muda mrefu. Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha shule ya msingi, tukaonyesha filamu hiyohiyo jioni kwa wazazi. Kwenye tukio la dhoruba, wanafunzi wa Yesu wanapiga kelele kwamba wanaangamia, akina mama wawili waliinuka wakatoka. Mwenzangu mmoja alinung'unika kwamba hawana utulivu wa kiroho. Mimi niliwajua. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na mmoja wao alikuwa bado hajaupata mwili wa mdogo wake wa kuuzika. Kwa watu wa ziwa hili chombo kinachojaa maji hakijawahi kuwa picha tu. Na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama, Septemba 2018, najua watu wa Ukerewe ambao sehemu hiyo wanairuka kabisa. Waacheni wairuke.

Mrudishie mzee kiti chake. Watoto waliomcheka ndio wamwendee.

*Shangazi, salamu. Nina kinyozi Mabatini. Nilinunua flashi yenye tamthilia ya Nabii Yusufu, ya Irani, iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Wateja walizidi, wengine wameshanyolewa lakini hawaondoki kwenye benchi. Ilipofika sehemu ya wanawake kujikata mikono kwa kumshangaa Yusufu, kijana mmoja wa kwaya akasema hicho kitu hakimo, kimetungwa. Dereva bodaboda akamjibu kwamba kimo, ninyi ndio mlikiondoa. Wakashikana mashati. Wamekua mtaa mmoja, wamesoma pamoja. Sasa mmoja akimwona mwenzake anavuka barabara. Nirudishe mpira kwenye televisheni?*

Usirudishe mpira. Mpira nao umeshachana mashati mengi hapo Mabatini.

Nikiwa darasa la nne, Nansio, Ukerewe, ilikuja sinema ya gari. Walifunga shuka jeupe kati ya miembe miwili. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba sisi watoto tulisukumwa upande wa nyuma, na shuka likiwa jepesi unaona kila kitu, isipokuwa kimegeuka. Njiani kurudi tulibishana kwa hasira na wenzetu wa mbele kama Yesu alimega mkate kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Kila mmoja aliapa ameona kwa macho yake, na kila mmoja alisema kweli. Kijana wa kwaya na mwenzake wa bodaboda wamenikumbusha usiku ule.

Tuanze na mikono. Kijana wa kwaya yuko sahihi kwamba kwenye Mwanzo, sura ya 39, hakuna karamu wala visu. Mwenzake yuko sahihi kwamba kwenye Qurani imo: sura ya 12, inayoitwa kwa jina la Yusuf, aya ya 31. Hakuna aliyeondoa wala aliyetunga. Kila kitabu kimesimulia kwa njia yake, na mwenye tamthilia, Farajollah Salahshoor, alisimulia kama Mwislamu. Huyo kijana alikuwa anamdai Biblia mtu ambaye hakuahidi kumpa Biblia.

Tofauti ziko nyingi, na mimi zinanipa raha kuzifuata. Kwenye Mwanzo shimo alilotupwa Yusufu ni tupu, halina maji. Kwenye Qurani mteka maji wa msafara anatumbukiza ndoo yake, ndipo anampata kijana. Kwenye Mwanzo anauzwa vipande 20 vya fedha, kwenye Qurani ni thamani duni, dirhamu za kuhesabika. Kwenye Mwanzo mwanamke anabaki na vazi la Yusufu mkononi na analitumia kumshitaki. Kwenye Qurani kanzu inachanika kwa nyuma, na mpasuko huohuo ndio unaomtetea, kwa sababu anayeshambulia hachaniwi mgongoni. Mwanzo unamwita mtawala Farao, Qurani kwenye kisa hiki inasema mfalme. Na kanzu inayorushwa usoni pa Yakubu akapata kuona tena, hiyo utaikuta Qurani.

Sasa waulize wateja wako swali moja: mwanamke yule anaitwa nani? Wote watasema Zulekha. Jina hilo halimo kwenye Qurani. Kwenye Biblia naye ni mke wa Potifa tu. Limekuja na masimulizi ya baadaye, na watu wa pwani yetu walikiimba kisa cha Yusufu kwa utenzi kabla ya umeme kufika huku. Kwenye tamthilia Zulekha anazeeka, anapofuka, kisha anarudishiwa ujana na kuolewa na Yusufu. Najua wanawake wa mjini hapa waliolia sehemu ile kuliko walivyolia kwenye misiba, nami ni mmoja wao. Lakini tulilia kwa ajili ya jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Silijutii lile chozi. Nataka tu kujua nililitoa kwa nani.

Halafu kuna mtu wa tatu ambaye hamkumtaja kwenye ugomvi: huyo mtafsiri wa flashi. Nilisikiliza kopi ya jirani yangu wa Nyegezi, na mahali fulani mtafsiri anaongeza kwamba kijana wa siku hizi asingekimbia. Yusufu hakusema hivyo, wala Mwirani hakuandika hivyo. Ni mtu na kipaza sauti chumbani kwake. Wateja wako wanasikia sauti tatu wanadhani ni moja.

Nunua daftari. Usiweke Msahafu saluni, mahali pa nywele na mikono ya mafuta si mahali pake. Andika kwenye daftari sura na aya za vitabu vyote viwili kwa kila sehemu ya tamthilia. Ziko 45, kazi ni kubwa, lakini waliokaa kwenye benchi bila kunyolewa watasaidia. Na umwombe kijana wa kwaya aandike za Qurani, dereva aandike za Mwanzo. Wakikataa, andika wewe. Daftari likae pale karibu na kioo.

*Shangazi, mimi ni mama wa Nyakato. Ijumaa Kuu watoto wa mafundisho waliwekewa filamu ya mateso kwa projekta. Wangu ana miaka 6. Sasa ni wiki ya tatu, halali peke yake, anasema anasikia mijeledi. Nimeambiwa namdekeza, kwamba anatakiwa ajue Yesu alivyoteseka. Naomba unisaidie.*

Humdekezi. Ulichokieleza kimeniumiza, na aliyewasha projekta ile amewakosea watoto.

Kwa maelezo yako marefu, ambayo nimeyafupisha hapa, hiyo ni filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004. Huko Marekani ilikotoka, mtoto chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Kama wenye filamu wamesema hivyo, mtoto wa miaka 6 anakaaje kwenye mkeka mbele yake bila mama?

Na wanaosema ndivyo ilivyoandikwa, wafungue Yohana 19 mstari wa 1. Kupigwa mijeledi ni mstari mmoja. Mathayo na Marko wanakutaja ndani ya sentensi inayosema jambo jingine. Wainjili waliona inatosha kutaja. Filamu imechukua mstari huo ikaurefusha kwa dakika nyingi, kila pigo linaonekana. Mtu mzima anayetaka kutafakari hivyo atafakari. Mtoto asilazimishwe.

Mweleze mwanao kwamba yule ni mwigizaji anayeitwa Jim Caviezel, yu hai, na damu ile ni rangi aliyopakwa na watu kwa saa nyingi. Mwonyeshe picha yake akiwa amevaa shati la kawaida. Msomee sehemu Yesu anapowapokea watoto, kila usiku kwa sasa, ukiwa umekaa kitandani kwake. Akiendelea hivi, nenda naye kliniki usingoje. Na kwa viongozi wa mafundisho nenda na mzazi mwenzako, msiende kwa ugomvi, lakini msiondoke bila jibu kuhusu mwaka kesho.

*Assalaam alaykum Shangazi. Nauza dagaa jumla, Kirumba. Ramadhani niliwawekea wageni baada ya futari ile filamu ya kuja kwa Uislamu, yenye Hamza, ami yake Mtume. Wageni wakasema kopi yangu imeharibika, kwa sababu watu wanaongea wakiitazama kamera na hakuna anayejibu. Je, ipo kopi kamili ambayo Mtume (S.A.W.) anaonekana?*

Waalaykum salaam. Haipo, na kopi yako ni nzima.

Mimi ni Mkristo, ya halali na haramu utamuuliza shehe wako. Ya filamu naweza kukujibu. Ilitoka mwaka 1976, aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyekwenda kuishi Marekani. Tangu mwanzo aliamua Mtume asionekane wala asisikike. Watu wanapozungumza naye, kamera ndiyo inayosimama mahali pake, na majibu yake mtazamaji anayapata kwa wengine. Akkad aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na waigizaji tofauti. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn, wa Kiarabu ni Abdullah Gaith.

Hata uangalifu huo haukumwokoa. Machi 1977, filamu ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuonyeshwa Marekani, watu wenye silaha waliteka majengo matatu jijini Washington na mateka zaidi ya 100, na moja ya madai yao ni kwamba izuiwe. Mwandishi kijana wa redio aliuawa. Akkad mwenyewe alikufa kwa bomu hotelini Amman, mwaka 2005.

Wageni wako hawakuwa wabaya kuuliza. Mwakani waambie kabla hujawasha. Mtu akijua kwa nini kiti ni kitupu, anakitazama kwa namna nyingine. Wanapomtazama Hamza akiongea na kamera, wataelewa anaongea na nani.

*Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha sita, Sengerema. Kwa bibi kuna picha ya Yesu ukutani, ilikuwa kalenda, tarehe zilishakatwa zamani ikabaki picha. Anasali rozari mbele yake kila jioni. Juzi nimegundua kwenye simu kwamba sura ile ni ya mwigizaji Mwingereza, Robert Powell, wa filamu ya mwaka 1977. Nimwambie? Nikimwona anasali najisikia kama namficha jambo.*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeiacha mwisho kwa sababu nilihitaji siku mbili.

Umegundua kweli. Filamu ile iliongozwa na Franco Zeffirelli, Mtaliano, na Powell ndani yake karibu hapepesi macho, ndiyo maana ukipita chumbani picha inaonekana kama inakufuata. Injili zote nne hazisemi Yesu alikuwa mrefu au mfupi, mweupe au mweusi. Kila sura unayoiona ukutani mtu ameibuni, au ameikodi kwa mtu mwingine kama hivi.

Mama yangu, Nansio, alikuwa na picha hiyohiyo. Mwaka 2001 nilijua ni ya nani, nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya ualimu, mchana, majirani wakiwa wamekuja kuchambua dagaa. Mmoja akacheka. Mama hakusema kitu. Niliporudi likizo iliyofuata ukuta ulikuwa na msumari mtupu, na mama alikuwa bado anakaa palepale kusali, ameuelekea ule msumari. Sikuthubutu kuuliza. Tulipofungua sanduku lake baada ya mazishi, picha ilikuwa ndani ya kitenge, imekunjwa mara nne, na kona moja imebandikwa gundi mahali ilipokuwa imechanika.

Kwa hiyo sikwambii ufiche. Lakini kaa naye kwanza jioni moja, amalize rozari yake, umuulize picha ile aliipata wapi na ni nani aliyempa. Kuna habari pale ambayo simu yako haina. Akikuuliza ni nani yule, mjibu kweli, mtaje jina, mkiwa wawili tu. Na usiiguse. Yeye ndiye atakayeamua ikae wapi.